Mzee Kufuli na Kibweta cha Siafu

Katika miaka yote ya kazi yake, Mzee Kufuli hakuwahi kuingia mlango wa mtu bila kupiga hodi. Hata mteja alipompigia simu akilia kwamba amejifungia nje, na ndani hakuna mtu wala paka, yeye kwanza alibisha, akasubiri kidogo, ndipo akafungua mkoba wa vifaa. "Mlango una mwenyewe," alikuwa akisema, "na mwenyewe si mimi." Watu walimcheka, lakini ndiye waliyemwita. Fundi wa vitasa akikosa kuaminiwa, hana tofauti na mwizi.

Alipokwenda kukaa kwa binti yake, tabia hiyo ikaja naye. Siku ileile ya kwanza binti alimpa ufunguo wa nyumba, umefungwa kamba nyekundu. Mzee akaugeuza huku na huku, akasema aliyeuchonga alikuwa na haraka ya kwenda kula, akaurudisha mezani. Tangu hapo, hata akitoka kwenda kutupa takataka tu, akirudi alisimama mlangoni na kupiga hodi. Majirani wa ghorofa ya juu wakadhani kila jioni watu hawa wanapata mgeni.

Na yeye alijihesabu mgeni kwelikweli. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alimwambia binti yake. "Yangu ya tatu imepita zamani na jembe silioni. Goti likipona, mama, narudi kwangu."

Kwake palikuwa karakana mbele na vyumba viwili nyuma. Huko ndiko alikomzika mkewe, na huko ndiko alikoteleza asubuhi moja kati ya jiriwa ya kubania chuma na meza, akalala sakafuni mpaka alipotokea mteja aliyefuata ufunguo wa kabati. Binti yake alikuwa mwalimu wa udereva. Kutwa alikaa kando ya watu waliokanyaga mafuta wakidhani ni breki, na hakuna kilichomtisha hapa duniani, ila sakafu ile. Akiiwaza usiku, usingizi ulimpaa.

Lakini baba hakutaka kusikia. Begi lake lilikaa chini ya kitanda, limepangwa tayari. Akitaka shati alilitoa humo, akilifua na kulikausha alilirudisha humohumo. Kabati alilopewa lilikuwa na viango vitupu, na kila binti alipolifungua kufuta vumbi alilifunga haraka.

Mkwewe, yaani mume wa binti, hakuwa mtu wa kusaidia katika mambo ya maneno. Alifanya kazi idara ya maji. Kazi yake ilikuwa kutembea mitaani na fimbo ya chuma na kifaa masikioni, akisikiliza mabomba yanayovuja chini ya ardhi. Mtu anayelipwa kusikiliza hazoei kusema. Mezani mazungumzo yao yalikuwa haya: "Umeamkaje, Baba?" "Salama, mkwe. Kazi?" "Inakwenda." Baada ya hapo ni vijiko tu vilivyoendelea kuongea.

Jumapili moja binti aliwachoka. Akawashika wote wawili, ufagio mkononi, akawasukuma nje kwa sauti ileile aliyowafokea nayo wanafunzi wake. "Tokeni. Nataka kuosha nyumba. Nendeni mkaangalie kama dunia bado ipo."

Wakajikuta barabarani, mkwe na mkwe, kila mmoja akitazama viatu vyake. Hatimaye kijana akatoa simu mfukoni. Namwita kijana kwa heshima ya mzee, maana mvi zilishaanza kumchungulia.

"Baba, kuna mchezo mmoja huwa nacheza nikitoka kazini," alisema. "Usinicheke."

"Kama ni kamari nitakucheka na nitamwambia mke wako."

"Si kamari. Ni kusaka vibweta."

Akamweleza. Kuna watu duniani kote, alisema, wanaoficha vitu kwa makusudi ili wenzao wavitafute. Mtu anachukua kopo au kikasha, anatia ndani kijitabu cha kusaini na vikorokoro viwili vitatu, anakificha mahali, halafu anaandika namba za mahali hapo kwenye programu ya simu. Wewe unazifuata. Ukikipata unasaini, unakirudisha, unaandika kwenye simu kwamba umefika. Basi.

"Watu wazima?" aliuliza Mzee Kufuli.

"Watu wazima, Baba. Wengine madaktari."

Mzee aliguna. Maisha yake yote watu walimlipa avifiche vitu visipatikane, na leo anaambiwa kuna wanaoficha ili vipatikane. Hata hivyo goti lilikuwa limetulia na nyumbani palikuwa na ufagio, kwa hiyo akakubali.

Kibweta cha kwanza kilikuwa karibu na uzio wa maktaba. Mshale wa simu uliwaongoza vizuri mpaka walipokaribia, kisha ukaanza kuyumba, mara mbele, mara nyuma. Mzee akataka kuufuata kila ulikogeuka. Mkwe akaitia simu mfukoni.

"Hapa ndipo wengi wanapochoka," alisema. "Simu inakufikisha karibu tu. Hatua hizi za mwisho ni za macho. Jiulize, ningekuwa mimi ninaficha, ningeweka wapi? Halafu tafuta kitu kilichokaa vizuri kupita kiasi. Jiwe lililolala tofauti na wenzake. Majani yaliyopangwa. Na usitie mkono kwenye tundu usiloliona ndani, chukua kijiti. Mwenye tundu anaweza kuwa nyumbani."

Mzee Kufuli hakuwahi kumsikia mkwe wake akisema maneno mengi namna hiyo. Alisimama, akautazama uzio. Nguzo zote zilikuwa na vifuniko vya chuma vyenye kutu, isipokuwa moja, ambayo kutu yake ilikuwa imechubuliwa pembeni kwa kucha za watu. Akakizungusha kifuniko kile. Chini yake kulikuwa na kichupa chenye karatasi iliyokunjwa ndani.

"Aa," alisema tu. Lakini mkwe aliyaona mabega yake yakiinuka.

Mama mmoja akapita na mbwa. Mkwe akainama haraka kufunga kamba za viatu, na mzee, ambaye viatu vyake havikuwa na kamba, akainama pia. Mama yule aliwapita akiwatazama kwa huruma. Wasiocheza hawatakiwi kuona, alieleza mkwe, kwa sababu asiyejua akikiona atadhani ni takataka akitupe. Kisha akatoa kalamu yake, maana vibweta vidogo havina kalamu, akaandika tarehe na jina lake la mchezo, Mvujo. Akamuuliza mzee ataandika nani. Mzee aliandika Kufuli, jina alilopewa na mtaa kabla mkwe huyu hajazaliwa.

"Sasa kirudishe," alisema mkwe. "Kama ulivyokikuta, na palepale. Hata ukiona pa kukiweka pazuri zaidi, usikihamishe wala usikirekebishe. Kibweta kina mwenyewe."

Hilo la mwisho lilimfurahisha mzee, maana lilikuwa neno lake. Laiti angelishika.

Kuanzia hapo Jumapili zao zilipata shughuli. Mzee alijifunza kusoma maelezo ya waliotangulia kabla ya kuondoka nyumbani, maana aliyeandika "nimelowa magoti" amekwambia kitu, na aliyeandika "niliinua kichwa nikacheka" amekwambia kingine. Alijifunza kwamba ukichukua kikorokoro ndani ya kibweta unaacha chenye thamani ileile au zaidi, naye kila mahali aliacha ufunguo mdogo alioung'arisha, usiofungua kitu. Alijifunza kukunja mfuko wa plastiki ukatoka hewa yote ndipo ukaufunga, ili mvua isile karatasi. Lililomchoma ni kuandika wasipopata. Alitaka wanyamaze. Mkwe alikataa.

"Andika hatukukiona, Baba. Mwenye kibweta akisoma tatu nne za namna hiyo atajua kimepotea, ataenda kuangalia. Ukinyamaza unamnyima habari."

Basi mkwe akaandika kwenye simu: "Tumetafuta, hatukuona. Mzee anasema kipo, macho ndiyo hayakuwepo."

Nyumbani nako mezani palibadilika. Walibishana kuhusu sumaku, mashimo ya miti na nani alikiona kwanza, mpaka binti akawa anagonga meza kwa kijiko, "Punguzeni mwendo, chakula kinapoa." Alikuwa akifurahi, na alimshukuru Mungu chinichini. Lakini begi bado lilikuwa chini ya kitanda, na mzee bado alipiga hodi.

Kibweta alichokipenda kuliko vyote kilikuwa juu ya kilima nyuma ya soko, mwisho wa ngazi za mawe. Mwenyewe alijiita Siafu. Siku ya kwanza goti lilimpigia kelele kila ngazi, na mkwe alitembea nyuma yake akijifanya anapiga picha, ili mzee apumzike bila kuaibika. Juu kulikuwa na ukuta uliobomoka, na nyuma ya ukuta, chini ya jiwe bapa, sanduku la bati lenye ukubwa wa mkate. Mzee alilikuta mwenyewe. Akakaa ukutani, mji wote ukiwa chini yake, akaomba kalamu, na safari hii hakuandika jina tu. Aliandika sana, akiyakinga maandishi kwa mkono yasisomwe.

Ila aliona kitu kilichomkera. Komeo la sanduku lilikuwa limevunjika, kifuniko kikiachama, na kijitabu kimeanza kulowa pembeni. Hapo alitakiwa kumwambia mkwe aandike kwenye simu, "Siafu, komeo lako limekufa," na mwenyewe angekuja. Ndivyo wachezaji wafanyavyo. Lakini moyo wake ulikuwa umejaa shukrani, na fundi akishukuru hajui kutumia mdomo.

Akapima komeo kwa vidole, na wiki ile yote alikaa barazani na tupa, akikwangua. Binti alidhani anatengeneza bawaba ya dirisha. Siku ya kazi, nyumba ikiwa tupu, akajikokota peke yake mpaka kileleni. Akatoa komeo bovu, akafunga jipya, akaona limependeza. Na komeo jipya bila kufuli, kwake yeye, lilikuwa kama shati bila vifungo. Alikuwa amekuja nayo, kufuli ndogo ya shaba aliyoitengeneza mwenyewe zamani, bora kuliko zote alizowahi kutengeneza, iliyokaa kwenye mkoba wake ikingoja anayeistahili. Akaifunga. Ikalia tik, akatabasamu.

Na ufunguo je? Kazi ikiisha, ufunguo hukabidhiwa mwenye mali, na haukabidhiwi mtu mwingine yeyote. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya vitasa. Mwenye mali hakuwepo. Kwa hiyo Mzee Kufuli akautia ufunguo mfukoni, akashuka ngazi akiimba.

Asubuhi ya Ijumaa walikuwa wakinywa chai, mkwe akisoma habari za vibweta kwenye simu kwa sauti, kama ilivyokuwa desturi yao sasa. Akasoma moja: "Nimekiona cha Siafu lakini nimeshindwa kukifungua." Akasoma ya pili, maneno yaleyale. Akafika kwa mwenyewe.

"Sijui nimemkosea nani," aliandika Siafu. "Mtu amekipiga kibweta changu kufuli. Kama kuna asiyetutaka kilimani, ujumbe umefika. Jumamosi asubuhi nakwenda na msumeno, nakikata, nakiondoa, na ndio mwisho wake. Asanteni nyote mliowahi kupanda."

Katikati ya kusoma sauti ya mkwe ilipungua mwendo, kwa sababu chini ya maneno kulikuwa na picha, na kwenye picha kufuli ya shaba iling'aa ikiwa na alama ndogo ya mkwaruzo wa tupa, sawa na alama iliyoko kwenye bawaba zote ambazo baba mkwe wake amezirekebisha nyumbani humo. Alimaliza kusoma akaizima simu. Hakuinua macho.

Mzee aliacha chai. Alikwenda kwenye kamba ya nguo, akaanua shati lake, akaliingiza kwenye begi.

"Baba, hilo bichi," alisema binti mlangoni.

"Litakauka njiani, mama. Goti limepona. Kesho naondoka."

Hakusema sababu. Alikuwa na aibu ya mtu aliyefanyiwa wema na kundi zima la watu asiowajua, akawalipa kwa kuwafungia mlango. Alijiambia kwamba mzee akishaanza kuharibu vitu vya watu kwa nia njema, arudi kwake, kule atakakoharibu vyake. Binti alikaa chini kwenye ngazi za jengo, mumewe kando yake. "Akianguka tena kule," alisema, "hakuna mteja atakayetokea. Karakana imefungwa. Nani atakuja?" Mumewe alimshika mkono, akasikiliza, maana ndilo alilokuwa akilijua.

Jumamosi mzee aliamka mapema. Mpango wake ulikuwa apande kilimani, afungue kufuli, aombe radhi, na kutoka hapo moja kwa moja stendi ya mabasi. Alikuta mkwe amekaa mlangoni, viatu miguuni.

"Naomba nikubebee begi, Baba," alisema mkwe.

"Umejua?"

"Nimejua jana. Tupa yako naitambua."

"Na hukusema."

"Niliona una mengi ya kubeba."

Wakaenda. Begi likapanda ngazi za mawe mgongoni mwa mkwe, na hakuna aliyetaja linaelekea wapi.

Waliusikia msumeno kabla ya kufika. Nyuma ya ukuta alikuwa amepiga magoti mama wa makamo, aproni ya saluni kiunoni na chanuo limesahauliwa kichwani, jasho likimtiririka. Bledi moja ilikuwa imeshavunjika, ya pili ilikuwa ikiomba radhi. Kufuli haikuwa na hata mchubuko wa maana.

"Sijui shetani gani katengeneza hii," alisema bila kugeuka.

Mzee alisikia aibu imemjaa mpaka masikioni, na chini ya aibu, Mungu amsamehe, kidogo cha fahari.

"Ni mimi, mama," alisema.

Msusi aligeuka. "Wewe ndiye shetani?"

"Wananiita Kufuli." Akautoa ufunguo, akaunyoosha kwa mikono miwili. "Nilitengeneza komeo lako kwa kuwa mvua ilikuwa inaingia. Halafu nikafunga. Ufunguo ni wa mwenye mali, na sikujua unakaa wapi. Sikufikiria wengine. Nisamehe. Nilikuwa nataka kushukuru."

Msusi hakuupokea. Alimtazama mzee, akautazama mguu alioulegeza, kisha akaweka msumeno chini.

"Kufuli," alisema polepole. "'Nimefika kwa mguu mmoja na nusu. Tangu mke wangu aondoke, hakuna aliyeniambia nenda mahali fulani, kuna kitu nimekuwekea. Asante, Siafu, popote ulipo.' Ni wewe?"

Mkwe, ambaye hakuwahi kuonyeshwa maneno hayo, aligeuka akatazama mji.

"Ni mimi," alisema mzee.

"Wiki niliyoyasoma hayo nilikuwa nimekuja kukiondoa," alisema msusi. "Kilikuwa kinalowa, wanaopanda wachache, na mimi kutwa nasimama, miguu yangu nayo si ya chuma. Nikasoma, nikakaa palepale ulipokaa wewe, nikakirudisha. Sasa wewe uliyekiokoa ndiye uliyekifunga." Akaanza kucheka, akacheka mpaka chanuo likaanguka, na mkwe akacheka, na mwishowe mzee mwenyewe, akijifuta macho kwa kiganja.

Msusi akaupokea ufunguo. Kufuli ilifunguka kwa mguso, na kijitabu ndani kilikuwa kikavu kabisa. Alifunga na kufungua mara kadhaa, kwa raha tu ya kuisikia ikilia.

"Ni nzuri mno kuiondoa," alisema. "Tufanye hivi. Kufuli ibaki, ufunguo tuufiche kando. Atakayekuja atafute ufunguo kwanza, ndipo afungue. Wataipenda." Kisha akamtazama mzee. "Ila kitu kama hiki kinataka mtu wa kukiangalia. Mimi nywele nazijua, chuma sikijui. Ikishika kutu, utakuwepo?"

Mzee Kufuli aligeuka. Mkwe wake alikuwa amesimama na begi mgongoni, akitazama viatu vyake vilevile alivyovitazama Jumapili ile ya kwanza, na hakuomba kitu. Alikuwa akisikiliza. Mzee akaona kwamba mtu huyu amemsikiliza tangu siku aliyofika, hodi zote, na begi lote.

"Kufuli hutiwa mafuta kila msimu wa mvua," alisema hatimaye. "Nitakuwepo."

Ufunguo waliuficha watatu, na mahali penyewe sisemi, maana anayesimulia kibweta hapaswi kumharibia msakaji. Walishuka pamoja, mzee akiwa mbele kwa mara ya kwanza. Njiani alisema tu, "Ahsante, mwanangu," na mkwe, aliyezoea kuitwa mkwe, alilihamisha begi kutoka bega hili kwenda lile ingawa halikuwa zito.

Mlangoni mzee akainua mkono kupiga hodi. Mkono ukabaki hewani. Kisha akaushusha, akaunyoosha nyuma bila kugeuka.

"Nipe ufunguo wako. Ule wa kamba nyekundu ulichongwa na mtu mwenye njaa, nitauchonga upya leo. Kwa sasa nipe huo."

Binti alikuwa jikoni, macho yamevimba, akipanga chakula cha safari cha baba yake. Alijua kila mkono uliofungua mlango ule, wa mumewe wenye haraka na wake wenye kusukuma. Alikisikia kitasa kikigeuka taratibu, kwa adabu, kwa mkono ambao hakuwahi kuusikia ukigeuza kitasa cha nyumba hiyo.

"Nani?" aliita.

"Ni mimi, mama," alisema baba yake, akiwa tayari ndani. "Niletee viango."